Safu ya Nne

Tulipohamia kwenye shamba letu dogo, mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto wetu watatu, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu. Nilichora humo safu tatu kwa rula: tarehe, kitu, na fedha tuliyookoa. Kila tulipokula mayai ya kuku wetu, kila nilipoziba tundu la ndoo nisinunue nyingine, kila mama alipokata shuka lililochakaa akapata vitambaa vya kuchujia maziwa, niliandika. Jioni, baada ya chakula, nilikuwa nikijumlisha safu ya tatu kwa sauti ili wote wasikie, na nakiri kwamba sauti ile ilinifurahisha mimi kuliko ilivyowafurahisha wao.

Safu ya nne sikuichora mimi. Niliikuta asubuhi moja katikati ya kiangazi chetu cha pili, imechorwa kwa penseli, mstari umepinda kidogo, na juu yake limeandikwa neno moja kwa mwandiko wa kifungua mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 12: "Nani?" Chini ya neno hilo alikuwa amejaza majina ya wiki nzima. Kuteka maji, mimi na mdogo wangu. Kumwagilia, mimi na mdogo wangu. Kukamua, mama. Kuni, mama. Kukausha nyanya, bibi. Jina langu lilitokea mara mbili katika mistari 31, na mojawapo ya mara hizo mbili ilikuwa kwenye mstari aliouongeza mwenyewe: "Kujumlisha, baba."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba daftari la mahesabu si mahali pa mchezo, naye akaniitikia kwa heshima zote, "Sawa, baba," lakini hakufuta. Ilinichukua kiangazi chote kilichobaki kuelewa kwamba mtoto yule alikuwa amefanya hesabu sahihi kuliko yangu, na ninachosimulia hapa ni jinsi hesabu hiyo ilivyonifikia, kidogo kidogo, kupitia maji, kuku na chupa za maharagwe.

Asiyewahi kuishi kwa kutegemea shamba lake huona kiangazi kama msimu wa kupumua: shule zimefungwa, matope yamekauka, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika ya mwisho. Kumbe ndio msimu ambao kila kitu huiva, hukauka, huoza na kudai maji kwa wakati mmoja. Nyanya hazisubiri zamu. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yakiachwa hivihivi huwa yamechacha kabla ya jioni. Kazi hizo zote huiangukia familia saa zilezile ambazo jua halina huruma, na mwenye mzigo akinyamaza, aliye mbali na mzigo hudhani mambo yanakwenda yenyewe. Mimi nilikuwa mbali na mzigo kwa sababu siku nne kwa wiki nilikwenda kibaruani. Nilirudi jioni nikiwa nimechoka kweli, na uchovu huo ndio uliokuwa kinga yangu ya kutouliza maswali.

Nianze na maji, maana hapo ndipo kosa langu lilikuwa kubwa zaidi, na cha kuchekesha ni kwamba lilianza na hesabu niliyojivunia. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa huleta lita 1 ya maji. Paa letu lina mita za mraba 60, kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 20 ingetupatia lita 1,200, na hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kurukia nje ya mfereji na kwa maji ya mwanzo ambayo tunayaacha yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, zinabaki lita 960. Mvua zilipokwisha tangi letu la lita 5,000 lilikuwa limejaa hadi kufurika. Tulikuwa watu sita. Nikamkadiria kila mmoja lita 20 kwa siku, jumla lita 120, nikagawanya, nikapata siku 41. Nikatangaza mezani kwamba mwezi mzima na zaidi hakuna atakayegusa kamba ya kisima.

Sikuwa nimeihesabu bustani. Tuta la mboga lililo wazi juani wakati wa joto kali hupoteza maji kiasi cha lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, mengine yakitoka kwenye udongo wenyewe na mengine kupitia majani. Bustani yetu ilikuwa na mita za mraba 40. Hiyo ni lita 200 kila siku, karibu mara mbili ya mahitaji ya binadamu wote wa nyumbani. Mbuzi wawili wa maziwa walikuwa wakimaliza ndoo nzima ya lita 20, na kuku 15 nao wana kiu yao. Siku ya 14 bomba la tangi lilikohoa, likatoa hewa, likanyamaza.

Kisima kiko mita 150 kutoka bustanini. Watoto wawili wakubwa, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa 9, hawawezi ndoo iliyojaa, kwa sababu ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kabla hujahesabu uzito wa ndoo yenyewe, hivyo walikuwa wakibeba lita 10 kila safari. Lita 200 za bustani pekee zilikuwa safari 20, na kila safari ni mita 300 kwenda na kurudi. Kilomita 6 kwa siku, nusu yake wakiwa wamebeba mzigo, waligawana wao kwa wao huku mimi nikiandika kwenye safu ya tatu thamani ya mboga ambazo hatukununua. Hesabu hii sikuipiga mimi. Niliikuta nyuma ya daftari, imeandikwa kwa penseli ileile, na alichosahau mwanangu ni kuweka alama ya kilomita tu.

Baada ya kuisoma niliomba ruhusa kibaruani kwa siku moja, nikashinda nikiteka maji peke yangu. Nilipofika safari ya saba, na mimi nilikuwa nikibeba ndoo mbili kwa mzegazega, mabega yaliwaka moto kiasi kwamba nilikaa chini ya mti nikajifanya nakagua kamba. Mama yangu, aliyekuwa akichambua majani ya mboga kivulini, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, bustani hii ni kubwa kuliko kisima chako." Hakuongeza neno.

Kiangazi kile kile tulipunguza bustani kutoka mita za mraba 40 hadi 22. Tulichagua kwa ukali: mazao yanayokatwa na kuchipua tena yalibaki, yale yanayokunywa maji miezi miwili ili utoe kitu kimoja yaliondoka hadi mvua zirudi. Udongo uliobaki tuliufunika kwa matandazo ya nyasi kavu na majani yaliyoanguka, unene wa sentimita 7 hadi 10, tukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina ili lisioze. Safu ya kwanza ya nyasi niliyoileta mimi ilikuwa imejaa mbegu zilizokomaa, na wiki tatu baadaye nikawa nimepanda magugu kwa mikono yangu mwenyewe katika kila tuta, kosa ambalo mke wangu hulikumbuka kila ninapoanza kutoa ushauri. Ya pili tulikata nyasi kabla hazijatoa mbegu.

Mama ndiye aliyetufundisha kutomwagilia kwa mazoea. Alikuwa akichomeka kidole ardhini hadi kiungo cha pili. Akihisi ubaridi na unyevu, aliipita mimea hiyo hata kama majani yake yalikuwa yamelegea, kwa sababu mimea mingi hulegeza majani saa ya jua kali ili kupunguza kupoteza maji, na ikifika magharibi hujinyoosha yenyewe. Mimi kila nilipoona jani limelegea nilikimbilia ndoo. Aidha, kwa kuwa nilirudi jioni, nilikuwa nimeagiza kila kitu kimwagiliwe jioni, kwa kumimina kutoka juu, na nyanya zetu zikalala na majani mabichi usiku kucha hadi zikaota madoa meusi ya ukungu. Tulihamishia kazi hiyo alfajiri, maji yakienda shinani tu. Maji ya kusuuzia vyombo, yasiyo na mafuta wala sabuni nyingi, tuliyapeleka kwenye miti ya matunda, kamwe si kwenye majani ya kuliwa mabichi.

Mwisho wa yote hayo bustani ilihitaji takriban lita 80 kwa siku. Kisha nikafanya jambo ambalo mimi wa mwaka uliotangulia ningeliita ubadhirifu: nilinunua toroli. Linabeba madumu matatu ya lita 20, na kabla sijaenda kibaruani nafanya safari nne, jua likiwa bado halijachomoza vizuri. Watoto hujazia tu kile kinachopungua mchana. Ununuzi ule niliuandika kwenye daftari kwa wino mwekundu, kama hasara. Siku iliyofuata nilikuta mtu amechora mduara kuzunguka wino ule na kuandika pembeni, "Ahsante, baba."

Kuhusu kuku nitasema kwa ufupi, kwa kuwa bado inaniuma. Banda lao nililijenga kwa mabati chakavu niliyopewa bure, nikaliezeka chini sana ili mabati yatoshe, na nikayaandika kwa fahari kwenye safu ya tatu. Kuku hana jasho. Joto likizidi nyuzi 30 huanza kuhema kwa mdomo wazi na kutanua mabawa, na kule kuhema kunatoa hewa ya ukaa nyingi mno kutoka kwenye damu, hali inayovuruga utengenezaji wa ganda. Ndiyo maana mayai ya kiangazi huwa machache na maganda yake mepesi kama karatasi. Sisi tuliona maganda mepesi kwa wiki mbili tukadhani ni chakula. Alasiri moja, mke wangu alikwenda kuokota mayai akakuta kuku watatu wamekufa, wamejibana kwenye kona ambayo kivuli kilikuwa kimeifikia mwisho. Nilipofika jioni alikuwa ameshawafukia. Aliniambia, "Baba watoto, mabati yalikuwa ya bure, kuku hawakuwa wa bure." Tuliinua paa hadi likapita kimo changu, tukaweka tabaka nene la nyasi juu ya bati, tukaacha upande mmoja uwe na wavu mtupu, na maji yao yakahamia kivulini mahali ambapo hubadilishwa mara mbili kwa siku. Banda la pili liligharimu fedha. Tangu hapo hatujapoteza kuku kwa joto, na mwezi uliofuata kuku mmoja aliatamia mayai 11, na baada ya siku 21 tukawa na vifaranga 9.

Sasa nije kwenye chupa. Hili ni jambo ambalo natamani kila mwenye shauku ya kujitegemea alisikie kabla hajaanza, maana hapa ubahili ungetufikisha mahali pabaya kuliko mabega kuuma.

Katikati ya kiangazi maharagwe mabichi yalituzidi. Tulikula, tukagawia majirani, yakazidi tena. Nikakusanya chupa za kioo tulizokuwa nazo, za kila umbo, pamoja na vifuniko vyake vya zamani, vingine vimeanza kushika kutu kwenye kingo. Nikachemsha maharagwe, nikayajaza chupani na maji yake ya chumvi, nikafunga, kisha nikazichemsha chupa zenyewe kwenye sufuria kubwa kwa saa moja na nusu, kama nilivyokuwa nimemwona mtu akifanya kwa matunda. Nilipata chupa 14. Zilipangwa rafuni zikapendeza mno. Niliwaita wote waje kuzitazama, nikaandika.

Mke wangu hakuzifurahia. Alikumbuka mafunzo aliyowahi kuhudhuria kuhusu usindikaji, akaniuliza nimetumia sufuria ya presha au ya kawaida. Nikajibu maji yalichemka barabara, moto ulikuwa mkali. Akanieleza kwa utulivu kwamba kuna bakteria waishio udongoni, ambao mbegu zao ngumu haziuawi na maji yanayochemka hata ukichemsha saa nzima, kwa sababu maji yaliyo kwenye sufuria ya kawaida hayawezi kupita nyuzi 100. Zinahitaji nyuzi 121 hivi, na joto hilo hupatikana kwa presha tu. Zikifungiwa mahali pasipo na hewa, penye unyevu na pasipo na uchachu, huota na kutengeneza sumu inayolegeza misuli, ikiwemo ile ya kupumulia. Matunda mengi yana uchachu wa kutosha kuzizuia, ndiyo sababu yule niliyemwona hakupata madhara. Nyanya ziko mpakani, na zinahitaji kuongezwa maji ya limau. Maharagwe hayana uchachu wa kutosha. Na sumu hiyo, aliongeza, inaweza kuwemo bila harufu wala rangi kubadilika.

Nilibisha. Hili sitalificha. Nilisema tutayachemsha tena kabla ya kula, nilisema watu wa zamani walifanya hivyo hivyo, nilisema chupa 14 ni kazi ya siku mbili. Akanijibu, "Siku mbili zangu, Baba watoto. Wewe ulifunga vifuniko." Kisha akamwita binti yetu alete daftari, akamwonyesha mstari ule, akamwambia, "Andika hapa kwenye safu yako nani atakula chupa ya kwanza." Mtoto akashika penseli, akanitazama, akasubiri. Nyumba nzima ilisubiri. Mwishowe nilichukua zile chupa mimi mwenyewe hadi nyuma ya shamba, nikachimba shimo refu mahali ambapo mbuzi na kuku hawafiki, nikazifukia zikiwa zimefungwa vilevile. Chupa 14 zikaenda na vioo vyake, maana mke wangu alitukataza kuzifungua hata kwa kuziosha.

Baada ya hapo uhifadhi ukawa mikononi mwa mama yangu, na njia yake ilikuwa jua. Kukausha hakuhitaji chupa maalumu wala presha, kunahitaji subira na macho. Majani ya mboga aliyachovya kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, akayapoza haraka, kisha akayatandaza chini ya paa lenye upepo na kivuli, kwa kuwa jua la moja kwa moja huunguza rangi ya kijani na kupunguza vitamini A. Nyanya alizikata vipande vyembamba, akazinyunyizia chumvi, akaziweka juani juu ya wavu ulioinuliwa, zikiwa zimefunikwa chandarua kuukuu dhidi ya nzi. Kilo 10 za nyanya hubaki chini ya kilo moja, kwa sababu zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za nyanya ni maji. Kila machweo zilirudishwa ndani zisinyonye umande. Siku moja niliharakisha nikazifunga zikiwa zimekauka nje lakini laini ndani, na wiki iliyofuata nikafungua mtungi uliojaa kuvu. Tangu hapo hatuzifungi moja kwa moja: tunajaza chupa ya kioo nusu, tunaitikisa kila siku kwa wiki moja, na ukungu wa maji ukionekana kwenye kioo, zinarudi juani.

Maharagwe, yale ambayo nilitaka kuyatia chupani, tuliyaacha yakauke kwenye mimea yake. Kabla ya kuyahifadhi mama huyapima kwa chumvi: anatia chumvi iliyokauka vizuri kwenye chupa kavu pamoja na maharagwe kidogo, anatikisa kwa dakika chache, anaiacha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, bado yana unyevu. Ikianguka yote chini, yako tayari. Baadaye huingia kwenye madumu yanayofungwa kabisa, yakijazwa hadi mdomoni ili hewa iliyobaki iwe kidogo na fukusi wakose pumzi. Tunapoyapika, huchemka kwa nguvu dakika zisizopungua 15 halafu sufuria inahamia kwenye kapu lililosheheni nyasi kavu na mablanketi ya zamani, inakaa humo saa nne ikijipika yenyewe. Moto unazimwa mapema, jiko halipashi nyumba joto mchana, na mke wangu hukata kuni karibu nusu ya zile za awali. Katika mambo yote tuliyojaribu, kapu hilo ndilo pekee ambalo sijaona limemlipisha mtu yeyote.

Watoto wanalikumbuka kiangazi kile kwa namna nyingine kabisa. Wa katikati anakumbuka kwamba aliruhusiwa kulala nje chini ya chandarua. Kitinda mimba, aliyekuwa na miaka 5, alikuwa na cheo: mlinzi wa mtindi. Maziwa ya mbuzi ya asubuhi huchemshwa, huachwa yapoe hadi uweze kutumbukiza kidole safi na kuvumilia ukihesabu hadi kumi, kisha hutiwa kijiko kimoja cha mtindi wa jana na kufunikwa. Wakati wa baridi tulikuwa tunahangaika kuuweka karibu na jiko. Kiangazi hufanya kazi hiyo bure, na kwa saa sita au saba mtindi huwa umeganda. Kazi ya mlinzi ilikuwa kuhakikisha hakuna anayetikisa chungu, na aliifanya kwa ukali kiasi kwamba bibi yake alilazimika kuomba ruhusa kupita karibu na meza.

Tulibadilisha pia saa zetu. Siku za mwanzo nilipenda kuona watu wakishughulika mchana kutwa, kana kwamba kivuli ni uvivu. Sasa kazi nzito huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, na saa sita hadi saa tisa mchana hakuna anayeinua kitu kizito, awe mtoto au mkubwa. Wengine hulala, wengine hushona, mama husimulia, na binti yetu husoma. Mwanzoni nilikuwa najilaza nikihesabu kichwani kazi zilizosimama. Mke wangu aliniona nikichezesha vidole, akaniuliza nahesabu nini. Nikasema sihesabu kitu, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu zile chupa zifukiwe.

Bado tunabana matumizi, na wageni wetu hutuona wabahili. Nguo hushonwa kiraka juu ya kiraka, mbegu za maharagwe na nyanya tunajiwekea wenyewe, na kila takataka inayooza huenda kwenye lundo la mboji, ambalo kiangazi nalo linataka kunyunyiziwa maji kila linapokauka, la sivyo linalala tu bila kuoza. (Mbegu za maboga tulijaribu mara moja, nyuki walichanganya chavua za aina mbili zilizokaribiana, na mwaka uliofuata tukavuna vitu ambavyo hata mbuzi walivikagua mara mbili.) Lakini orodha ya vitu tunavyonunua bila kuona haya imerefuka: chandarua kipya cha kukaushia, matairi ya toroli, sabuni, mabati mazima. Sioni tena kwamba kila kinachotoka mfukoni ni kushindwa. Vingi nilivyojisifu kuvipata bure, mtu fulani nyumbani mwangu alikuwa amevilipia kwa mgongo wake, na kwa kawaida hakuwa mimi.

Daftari lile lilijaa mwaka jana tukanunua jingine. Nilipokaa kulichora nilikuwa nimeshapima nafasi ya safu nne, kwa rula na kwa kalamu, lakini binti yangu, ambaye sasa ananifikia begani, alilichukua mkononi mwangu akasema ataliandaa yeye kwa kuwa mistari yangu inapinda. Alilirudisha likiwa na safu tano. Ya tano haina kichwa bado; anasema anasubiri kiangazi kianze ndipo ajue aiite nini. Kwa sasa daftari hulala chumbani kwake, na jioni nikitaka kujumlisha, nabisha hodi.